Karata Hazina Ulimi

Je, mtu anayetaka kuijua kesho yake kabla haijafika anatafuta elimu, au anataka kuutua mzigo wa kuchagua? Tulitazame swali hili kwa mfano wa karata ziitwazo taroti, ambazo Wazungu wengi huzitumia kwa kuagulia, kisha tujitazame na sisi wenyewe.

Taroti ni karata 78. Katika hizo, 56 zimegawanyika mafungu manne: vikombe, panga, sarafu na magongo. Kila fungu lina karata 14: moja hata kumi, kisha mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Kwa mtu wa pwani hayo si mageni. Kopa, shupaza, uru na pau za karata zetu asili yake ni maneno ya Kireno: vikombe, panga, dhahabu na magongo. Na Ulaya nayo iliyapata mafungu hayo kutoka nchi za Kiislamu, kwenye karata za zama za Mamluki wa Misri, zisizo na sura za watu. Baadhi yake zimehifadhiwa Istanbul, katika jumba la Topkapi.

Zilizobaki 22 ni picha zilizoongezwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Humo mna mpumbavu, mfalme, Papa, wapendanao, gurudumu la bahati lipandishalo na kushusha, Mauti ambayo ni nambari 13, mnara uangukao, nyota, mwezi, jua, kufufuliwa kwa wafu, na mwisho dunia. Ukizipanga utaona ni mawaidha: ukubwa hauzuii kifo, na aliye juu leo huenda kesho akawa chini. Hayo hayahitaji mwaguzi. Kila aliyesindikiza jeneza ameyaona.

Kwa karne nyingi karata hizo zilijulikana zaidi kuwa ni mchezo. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin akaandika kwamba ni kitabu cha siri cha Misri ya kale. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri hiyo. Champollion aliupata ufunguo wake mwaka 1822, na yaliposomwa, karata hazikuonekana humo. Lakini neno lilikwisha toka, na waaguzi wamelishika.

Basi ni nani aliyezitia karata ulimi? Ni binadamu. Mwenye hofu huonyeshwa mnara uangukao, naye mwenyewe akasema moyoni: "Hii ni ndoa yangu," au "Hili ni duka langu." Maana ameitoa kifuani mwake, kisha akaipokea kana kwamba ni habari ya ghaibu.

Tusiwacheke Wazungu. Kwetu ramli hupigwa, na nyota hutazamwa kwa jina la mtu na la mamake, na wengine huanza kwa Bismillahi. Wako wake walioachwa kwa neno la mpiga ramli, na ndugu waliohasimiana kwa sababu mmoja wao ametajwa kuwa mchawi. Mume husema: "Bao ndilo lililosema." Lakini siku ya hisabu bao halitasimama kujibu, atasimama yeye.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa jambo hili, hata kama mwaguzi angesadifu. Qur'ani, katika Sura ya Al-Maida, imekataza mishale ya kuagulia pamoja na ulevi na kamari. Na mwisho wa Sura ya Luqman tumefunzwa kwamba hakuna nafsi ijuayo itakachochuma kesho, wala nchi itakayofia. Kutojua huko si adhabu, ni rehema. Lau kila mtu angelijua mwisho wa mambo yake, subira na tawakali zingelikuwa na maana gani?

Huenda mtu akauliza: "Na istikhara, je, si kuagua?" La, hasha. Mwenye kuswali istikhara haombi aonyeshwe kesho. Anamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie lenye kheri na amwepushe na lenye shari, kisha hushauriana na wenye busara, akatenda. Mzigo wa kuchagua haukumtoka. Ameomba msaada wa kuubeba.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapobanwa na jambo, kabla ya kubisha hodi kwa mwaguzi, jiulize kwa haki: nataka kujua, au nataka mwengine abebe lawama yangu?

Wabillahi tawfiq.