Mheshimiwa wa Saba

Nilipopeleka tasnifu yangu Msimbati niliifunga kwa khanga kama mtu anayepeleka posa. Ilikuwa na jalada gumu jeusi na maandishi ya dhahabu. Bibi aliyeniimbia nyimbo kumi na moja kati ya zilizomo alikuwa ameketi barazani, anachambua kunde. Tuliamkiana, tukaulizana hali za watoto na za bahari, chai ikaletwa. Kisha akamwita mjukuu wake wa darasa la sita aje amtafutie jina lake kitabuni.

Mtoto alianza mwanzo. Akapita ukurasa wa shukurani, ambako nimewataja msimamizi wangu, mratibu wa programu, mkutubi, wazazi wangu, na “wanajamii wote wa Msimbati”. Akafika sura ya nne, penye nyimbo, akasoma kwa sauti ya darasani: “Chanzo: Mheshimiwa saba, mwanamke, miaka sabini na moja.”

“Mheshimiwa?” Bibi akacheka. “Ubunge nimepata lini?”

Nikamweleza kwamba hapo “Mh.” ni kifupi cha mhojiwa, na kwamba mhojiwa wa saba ndiye yeye. Kicheko kikakatika taratibu.

“Kwa hiyo mimi sina jina.”

Nilimwambia habari za kanuni, usiri na usalama. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni wa serikali, kisha akarudi kwenye kunde zake. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Leo mimi ni mmoja wa watu wanaoendesha programu ya uzamili ya utamaduni katika chuo kimoja hapa nchini, na fomu zilezile zinapita mezani kwangu. Kwa hiyo swali la Bibi limekuwa swali la kazi yangu: tunapolificha jina la mtu aliyetupa elimu yake, tunamlinda yeye au tunajilinda sisi?

Wengi wanadhani programu kama yetu inaendeshwa na maprofesa wanaojadili ngoma na visasili kuanzia asubuhi. Sehemu kubwa ya siku ni karatasi. Yupo mratibu anayefuatilia nani amekwama sura ya pili na nani hajalipa ada. Wapo wasimamizi, kila mmoja na wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwasoma vizuri. Yupo katibu muhtasi, ambaye bila yeye hakuna tasnifu ingemfikia mtahini wa nje. Na ipo safari ya kibali: barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kijijini. Mwanafunzi anapofika barazani kwa mtu huwa amebeba mihuri minne au mitano, na hakuna hata mmoja uliotoka kwa mwenye wimbo.

Kwa mwenye wimbo tunapeleka fomu ya ridhaa. Nakumbuka nilivyompelekea Bibi, mwaka 2016. Nilikuwa nimebeba na kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba, maana niliambiwa ofisini kwamba wazee wengi wa pwani hawaandiki. Alikitazama kile kidau kama kitu kichafu. “Mimi nimesoma kisomo,” akasema. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano. Katika miaka iliyofuata alijifunza kusoma chini ya mwembe, mtoto mgongoni. Akachukua kalamu yangu, akaandika majina yake matatu, herufi moja moja, bila haraka. Ilichukua muda kuliko wimbo wowote alioniimbia.

Fomu ile niliikabidhi ofisini. Ikafungiwa kabatini kama utaratibu unavyotaka. Kwa hiyo mahali pekee chuoni ambapo jina lake lipo, kwa mwandiko wake, ni ndani ya kabati la chuma ambalo ufunguo wake anao mratibu. Katika kitabu, ambacho yeyote anaweza kukifungua, yeye ni namba.

Sitaki kuwaonea wenzangu, wala aliyekuwa mratibu wangu wakati ule. Kanuni hii ina sababu. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipopinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam, kulikuwa na vurugu, mali kuteketea na watu kukamatwa. Gesi yenyewe inatoka Mnazi Bay, hapohapo Msimbati. Miaka mitatu baadaye baadhi ya wanawake waliniimbia nyimbo zenye mafumbo juu ya mambo hayo. Kama ningeandika majina yao chini ya mafumbo yale, ningekuwa mpumbavu, na pengine mtu mbaya. Yapo pia ya unyago, ambayo aliyeyasema hakupaswa kunisemea mimi. Huko namba ni sitara.

Lakini nyimbo za Bibi zilikuwa za maji kupwa, za kuokota chaza na kuchokoa pweza miambani, na mbili za kumsuta mume mvivu. Hakukuwa na cha kuficha ila ufundi wake.

Ufundi usio na jina tunaufahamu vizuri huku kusini. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris, kikaishia katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na hakikurudi nyumbani hadi 2010. Nimesoma habari zake mara nyingi, kwa sababu huwa nawafundishia wanafunzi. Najua jina la makumbusho iliyoibiwa na jina la makumbusho iliyorudisha. Jina la fundi aliyekichonga sijawahi kulikuta. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba huo ndio wizi wa kwanza, uliofanyika kabla ya ule wa 1984. Darasa hutikisa vichwa kwa uchungu. Kisha tunatoka, na mimi narudi ofisini kutia saini tasnifu zilizojaa Mh. 1 hadi Mh. 30.

Kuna ugumu mwingine, na alinionyesha jirani yake Bibi siku ileile ya khanga. Alisikia mazungumzo, akasema kutoka uani kwake: “Na ukimwandika huyo peke yake, sisi tuliokuwa tunaitikia tuwe nani?” Alikuwa na haki. Wimbo una mwanzilishi na una waitikiaji. Jina moja likiandikwa, mengine kumi yanaweza kuwa yamefutwa. Namba angalau inawanyima wote sawasawa.

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi, na sasa naona usawa wa kunyima ni wepesi unaoifaa ofisi. Si kazi yangu kuamua kati ya Bibi na jirani yake. Wao wangeamua palepale, kwa maneno makali kidogo, na mimi ningeandika walichoafikiana. Kosa langu lilikuwa kwamba fomu ilikuwa imeshajibu kabla sijafika. Ilisema: jina lako halitatajwa. Iliandikwa kama zawadi, na hakuna aliyeulizwa kama anaitaka.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea swali hilohilo. Mchongaji mmoja alitaka atajwe. Nilimjibu: “Fuata mwongozo.” Nilikuwa na tasnifu sita mezani na kikao saa nane. Alipotoka ndipo nilipojisikia nimeongea kwa sauti ya kabati. Nikamwita arudi. Tuliongeza mstari kwenye fomu yake, kwa kalamu: unataka jina lako liandikwe, lifichwe, au liandikwe pamoja na ya nani? Kamati ya maadili ilihoji, ikachelewesha, hatimaye ikapitisha. Kwa wanafunzi ninaowasimamia mimi, sasa nauliza jambo moja kabla ya kusaini: ulimuuliza?

Msomaji atagundua kwamba hata hapa sijamtaja Bibi. Nilimuuliza. Akasema: “Hayo unayoandika ni mambo yako na ofisi yenu, mimi niache. Jina langu liweke kwenye nyimbo.”

Nakala ya maktaba bado inasema Mh. 7, nami sina idhini ya kuibadilisha. Nakala ya Msimbati ni nyingine. Siku ile kabla sijaondoka Bibi aliomba kalamu, akamwambia mjukuu amshikie ukurasa usifunge. Akaipiga mstari ile namba, akaandika juu yake majina yake matatu, herufi moja moja. Kisha akamwita jirani yake, akampa kalamu.

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nilisubiri mpaka wote wakamaliza.