Kunung'unika na Kushitaki

Liko swali moja ambalo yafaa tulifikiri kwa utulivu. Mtu akikosa haki yake katika ofisi ya watu wote, je, yampasa kunyamaza au kusema? Wazee wetu walitufundisha adabu na uvumilivu, hata wengi wetu huona haya kumshitaki karani au mwuguzi wa mahali petu. Lakini tukisema kweli, hatunyamazi. Jioni tukiketi chini ya mti, au tukingoja zamu ya kuteka maji, twasema mengi. Basi hatukuchagua kunyamaza. Tumechagua kusema mahali ambapo maneno hayawezi kufanya kazi.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kunung'unika na kushitaki. Kunung'unika ni kumsema mtu asipokuwapo, bila siku wala ushahidi. Kushitaki ni kulisema neno lile lile mbele ya mtu awezaye kulipima, na yule aliyetajwa akapata nafasi ya kujibu.

Tuchukue mfano, wala si wa kijiji fulani. Mama ambeba mtoto wake mgonjwa mpaka zahanati ya halmashauri. Ajua ya kuwa mtoto aliye chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo. Lakini aambiwa kwamba dawa hakuna, akanunue dukani; naye afika dukani, aiona dawa. Kabla ya jua kuchwa habari zimeenea kijijini kwamba mwuguzi auza dawa za watu. Mwezi ukiisha, hakuna amsalimuye.

Labda ni kweli. Lakini labda dawa hazikuletwa, na daftari la zahanati laonyesha hivyo. Nani ajuaye, ikiwa hakuna aliyeuliza? Kama mwuguzi yule ni mwizi, ataendelea kuiba, kwa kuwa minong'ono haifungui daftari. Kama ni mwaminifu, amekwisha hukumiwa pasipo kusikiwa. Ataomba uhamisho, na kijiji kitabaki na mlango uliofungwa. Tazameni basi: manung'uniko humwacha mwovu salama, humwumiza mwema, na yule mtoto hapati dawa.

Kwa sababu hii nchi nyingi zimeona ni vema kuweka mtu wa kupokea malalamiko juu ya watumishi wa serikali. Desturi hii ilianza Uswidi mwaka 1809, na mtu yule huko huitwa ombudsman, maana yake mjumbe au wakili. Katika Afrika, nchi yetu ya Tanzania ilitangulia: mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, aliyepata kuwa mwalimu. Wajumbe wake walisafiri wilayani, wakakutana na watu na kusikiliza shida zao. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 2001, kazi hiyo ilipewa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mlalamikaji aweza kuandika, au kusema kwa kinywa ikiwa hajui kuandika, wala hatozwi ada. Tume haigusi shauri lililo mahakamani, na malalamiko ya upuuzi yaweza kukataliwa. Likipokelewa neno, ofisi iliyotajwa huulizwa ieleze upande wake, na vitabu vyake vyaweza kutazamwa. Maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wala mlalamikaji si malaika. Ikiwezekana, pande mbili hupatanishwa. Isipowezekana, Tume hutoa mapendekezo kwamba ofisi itengeneze lile iliyoliharibu.

Labda mtu atasema, "Mapendekezo tu! Mzee asiye na fimbo, nani atamsikia?" Swali hili ni la haki. Mwezi wa Oktoba 2001 watu wa Nyamuma, wilaya ya Serengeti, waliondolewa katika makao yao, na nyumba zao zikachomwa moto. Zaidi ya watu mia moja walipeleka malalamiko kwa Tume. Tume ikachunguza, ikaona wamedhulumiwa, ikapendekeza walipwe fidia, serikali haikukubali. Shauri likaenda Mahakama Kuu, lisifanikiwe. Likafika Mahakama ya Rufani kwa rufani namba 88 ya mwaka 2006, nayo ikasema kwamba mapendekezo ya Tume yaweza kutiliwa nguvu na mahakama. Njia ilikuwa ndefu mno, na mtu aliyelala nje hawezi kuisifu. Lakini fikirini: kama watu wale wangalinung'unika tu, mahakama ingalitilia nguvu kitu gani? Fimbo haikosi kupatikana mahali; linalokosekana mara nyingi ni neno la kweli lililoandikwa na kupimwa.

Basi sisi tukaao Buigiri na vijiji vya kando yake tufanyeje? Kwanza, tuanzie karibu. Yuko mtendaji wa kijiji, yuko wa kata, yuko diwani, yuko mkurugenzi wa halmashauri. Si vema kuruka ngazi zote kabla ya kumwuliza yeye aliyehusika, maana kuuliza si ujinga. Pili, tushike siku, mahali, na maneno yaliyosemwa, tusiongeze chumvi. Tatu, tuwe tayari kusikia jibu, hata likituonyesha kwamba tulikosea.

Iko hofu moja iliyobaki, nami sitaidharau. Mama yule atasema, "Nikishitaki leo, kesho mtoto wangu akiugua nitamwendea nani, kama si mwuguzi yule yule?" Hofu hii si bure, na mtu ambaye hakupata kumtegemea mwingine kwa dawa asimcheke. Lakini yatuonyesha wajibu wa jirani zake. Mzigo uliomzidi mtu mmoja huchukuliwa na wengi. Mkutano mkuu wa kijiji wapasa kufanyika kila miezi mitatu, hapo watu ishirini waweza kuuliza kwa upole, "Dawa zilifika lini, na ziliandikwa wapi?" Hapo mama hayuko peke yake, na mwuguzi naye apata mahali pa kujitetea mbele ya wale wale waliomsema.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Adabu tuliyofundishwa haikuwa kuficha, ilikuwa kusema kwa haki. Basi kila mmoja wetu na ajiulize: lile nililolisema jana jioni chini ya mti, je, naweza kulisema mchana, mwenyewe akiwapo? Kama siwezi, heri nilichunguze kwanza. Kama naweza, mbona bado sijaenda?