Korali na Haki ya Mtu



Ulizo moja linarudi mara nyingi kati yetu: korali iliwekwa kwa kumsifu Mungu, je, inafaa iimbe pia juu ya mshahara usiolipwa, juu ya mtu aliyefungwa bila kosa, ao juu ya mjane aliyenyang'anywa shamba? Wengine wanajibu: « Hiyo ni siasa. Sisi tuimbe mambo ya mbinguni. » Ulizo hili si dogo. Tulitazame kwa roho ya utulivu.

Tuanze na Maandiko. Katika Amosi 5:23-24, Mungu anachoka na nyimbo za watu wake, kwa sababu haki haionekani kati yao. Hakuchukia muziki, alichukia muziki unaofunika kilio. Naye Maria, alipomtukuza Bwana katika Luka 1, aliimba palepale juu ya wenye njaa wanaoshibishwa na wakubwa wanaoshushwa. Yeye hakutenganisha sifa na haki. Sisi tunatenganisha kwa amri ya nani?

Sasa tutazame Afrika Kusini. Mwaka 1897, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni ya Wametodisti karibu na Johannesburg na kiongozi wa korali, alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika: « Nkosi Sikelel' iAfrika ». Ulikuwa sala tu. Lakini anayeomba baraka juu ya watu wanaohesabiwa kuwa si kitu, amekwisha kusema kwamba wao ni watu. Ndiyo sababu sala ile ikawa sauti ya haki. Mwaka 1912 iliimbwa Bloemfontein, kilipozaliwa chama kilichoitwa baadaye ANC. Sontonga alikufa mwaka 1905, hakuona matunda. Leo sauti ya wimbo wake inasikika katika nyimbo za taifa za Afrika Kusini, Tanzania na Zambia.

Mwingine ni Vuyisile Mini, mtu wa Port Elizabeth, kiongozi wa wafanyakazi, mwenye sauti nene ya basi. Alitunga nyimbo za kuionya serikali ya ubaguzi. Tuseme kweli yote: aliingia pia katika vita ya silaha, akahukumiwa kwa mashitaki ya kuharibu mali na kushiriki katika mauaji. Si kila mwamini atakubali njia ile. Lakini alikataa kumshuhudia mwenzake ili aokoe maisha yake. Tarehe 6 Novemba 1964 alinyongwa Pretoria, na wafungwa walimsikia akiimba alipokuwa akienda kwenye kamba. Mwili ulikufa, nyimbo zilibaki katika vinywa vya wengine.

Nguvu hii inatoka wapi? Mtu mmoja akisema, anakamatwa na neno linakwisha. Korali ikiimba, sauti nyingi zinakuwa neno moja. Asiyejua kusoma analishika kwa sikio, anarudi nalo nyumbani, mtoto analichukua. Tena, katika korali kila mmoja analazimika kumsikiliza jirani yake. Soprano ikimeza basi, wimbo unaharibika. Basi korali inafundisha haki hata kabla ya maneno yake.

Lakini sisi Wakongo tunajua pia upande wa pili. Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati wa chama cha MPR, wafanyakazi na wanafunzi walikusanywa kuimba na kucheza animasio ya kumsifu Rais Mobutu. Sauti zilikuwa nzuri, na mwenye njaa alimwimbia sifa mwenye kushiba. Kwa hiyo uzuri wa sauti si ushuhuda wa haki. Wimbo ni kama kisu: unakata mkate, unakata pia mkono.

Tutaujuaje basi wimbo wa haki? Kwa alama tatu.

Ya kwanza: unasema kweli, hata mkubwa akiwa ameketi kiti cha mbele. Korali inayobadilisha maneno kwa sababu ya bahasha ya mgeni imekwisha kuuza sauti yake.

Ya pili: unamkumbuka mdogo. Korali si chama cha siasa, wala haina kazi ya kuwaambia watu wamchague nani. Kazi yake ni kumpa sauti yule asiyesikilizwa.

Ya tatu, nayo ni ngumu kuliko zote: waimbaji wenyewe wanauishi. Mama anaondolewa katika safu kwa sababu hana pesa ya kitambaa cha korali. Kijana anatukanwa mbele ya wote kwa kukosa noti moja. Na saa ileile tunaimba kwamba Mungu hana upendeleo. Nani atatusadiki? Serikali ikitusikia, itacheka. Mungu akitusikia, atasema yale aliyosema kwa Amosi.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo: korali inafaa kuimba juu ya haki ya mtu, maana mtu ni sura ya Mungu, na anayeimba sifa za Muumba hawezi kunyamaza wakati kiumbe chake kinakanyagwa. Lakini tuanze na safu zetu. Kabla ya kuimba Jumapili ijayo, tumtafute yule mama wa kitambaa, tumrudishe mahali pake.

Bwana atupe sauti, na moyo unaolingana nayo. Amina.