Hapana Isiyosemwa

Nilisomea baiolojia. Siku hizi kazi yangu ni kuongoza mazungumzo, leo Ganze, kesho Malindi: watu wameketi, nami nauliza na kusikiliza. Wenzangu wa chuo hunitania, "Sayansi umeiacha wapi?" Sijaiacha. Nafuata tu swali ambalo hadubini haiwezi kulijibu: mtu akisema ndiyo, amekubali kweli?

Kilifi ni mahali pa kuuliza hilo. Tangu 1989, KEMRI na Wellcome Trust wanaendesha utafiti wa malaria na maradhi mengine hapa. Chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021, ilijaribiwa hapa pia. Faida ipo, sibishi. Lakini utafiti unahitaji damu, na pwani damu haiongelewi ovyo. Hadithi za mumiani zilianza enzi za mkoloni.

Ni rahisi kusema, basi watu waelimishwe, yaishe. Watafiti wa hapo hapo hawakuridhika na jibu hilo. Mwaka 2004, Sassy Molyneux, Norbert Peshu na Kevin Marsh, ambaye ni daktari, walichapisha uchunguzi wao kuhusu ridhaa. Ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuwa wameuelewa vizuri utafiti waliokuwa wameukubali. Baadaye Dorcas Kamuya na wenzake wakaandika kuhusu kukataa kimya kimya. Yaani familia imekubali, lakini siku ya mtafiti kuja, mama yuko shambani na mtoto kaenda kwa bibi.

Mimi silioni hilo kuwa ujinga. Kwetu mgeni hafukuzwi mlangoni. Hukaribishwa, hupewa maji, huambiwa, "Haya, mwanangu." Hiyo "haya" ni heshima, si lazima iwe ridhaa. Tena anayebisha hodi mara nyingi ni mtoto wa kijiji hicho hicho, na nyuma yake kuna matibabu ambayo mama hana pesa za kuyatafuta kwingine. Hapo neno hapana lina bei, na maskini ndiye anayelipa.

Utaniuliza, kama kujificha kunasaidia, tatizo liko wapi? Mama amejilinda na adabu imebaki. Kweli, hiyo ni akili. Lakini ni haki gani inayomfanya mtu ajifiche nyumbani kwake mwenyewe? Kwangu mimi, ridhaa haipimwi kwa idadi ya sahihi. Hupimwa kwa yule aliyekataa waziwazi: mtoto wake akiugua kesho, atapokewa sawa na wengine?

Ndiyo maana kwenye mikutano sianzi na faida za utafiti. Nauliza kwanza, "Ukitaka kukataa, utamwambia nani, na utasemaje?" Watu hunyamaza, wengine hutazama chini. Halafu nyanya mmoja hucheka, na hapo ndipo mazungumzo huanza.