Subira na Uvumilivu Si Ndugu

Tumezoea kuyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu akifiwa, tunamwambia awe na subira. Mvua ikikosa kunyesha, tunaambiwa tuvumilie. Lakini tangu nianze upya kujiandaa kwa marathoni, baada ya muundi wa kulia kuniuma misimu miwili na goti kufuata, nimeyaona maneno haya yakiachana njia panda.

Nakimbilia Kalokol, kando ya Ghuba ya Ferguson, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka Lodwar. Jua la huku halina adabu, kwa hiyo natoka alfajiri. Dakika moja nakimbia, mbili natembea. Mara nane, basi. Wiki inayofuata naongeza kidogo. Wiki ya nne napunguza, hata kama sisikii maumivu. Mzee mmoja mvuvi aliniuliza, "Mwalimu, unakimbia ama unatembea?" Nikamjibu, "Yote mawili, mzee." Akacheka: "Basi wewe utafika kesho."

Kesho ndiyo hoja yenyewe. Moyo na mapafu hupata nguvu katika wiki chache. Mifupa na kano huhitaji miezi. Ndiyo maana siku ya hatari ni ile unayojisikia vizuri. Pumzi inasema twende, na muundi bado haujajibu. Hapa Kalokol tuna mfano wa jambo hilo uliojengwa kwa saruji: kiwanda cha kugandisha samaki, kilichojengwa kwa msaada wa Norway na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa muda mfupi mno. Gharama ziliwashinda, na kabla ya muongo kwisha ghuba yenyewe ikakauka. Waliipima ghuba ilipokuwa imejaa. Mwili nao hupimwa vibaya ukipimwa siku yake njema.

Wapo watakaosema huu ni woga uliovishwa nguo nzuri. Eti mkimbiaji halisi hukaza meno. Na mifano wanayo. James Nyang Chiengjiek, aliyekimbia mita 400 kule Rio mwaka 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, alikuwa mmoja wa wakimbiaji watano waliotoka kambi ya Kakuma, kaunti hii hii yetu. Amesimulia jinsi yeye na wenzake walivyoumia sana kwa kukosa viatu vinavyofaa, na jinsi walivyogawana vile vichache vilivyokuwepo.

Huo ni uvumilivu, na nauheshimu. Lakini kijana yule hakuyachagua yale majeraha. Alichohitaji ni viatu. Sasa mimi mwenye viatu, mwenye muda na mshahara, nikikimbilia jeraha ili nionekane shujaa, nitakuwa nimeifanya shida ya mwenzangu pambo langu. Hilo naliona kosa la kimaadili, si la mazoezi tu.

Uvumilivu ni kubeba maumivu usiyoweza kuyakwepa. Subira ni kuyakataa yale unayoweza kuyakwepa, hata watu wakicheka. Mchungaji wa Turkana anayehamisha mifugo hafuati mwendo wa beberu mwenye nguvu. Akifanya hivyo atafika kisimani na beberu peke yake. Hufuata mwendo wa mbuzi mwenye mimba na wa kitoto kinachochechemea, na hakuna anayemwita mwoga kwa sababu hiyo, maana kila mtu anajua anakusudia kufika na wote.

Kwa hiyo ukiniuliza kama naogopa, jibu ni ndiyo. Naogopa muundi huu usije ukakataa kilomita 42 hata nikiubembeleza vipi. Hiyo nayo naihesabu kuwa sehemu ya subira: kufanya polepole bila kuahidiwa malipo. Wiki hii ni dakika tatu za kukimbia kwa moja ya kutembea. Mzee ameacha kuuliza.