Tundu Mwishoni mwa Ufa

Boti yangu ni ya alumini, futi 14, nayo ilikwishavua miaka mingi katika Ziwa Simcoe, huku Ontario, kabla sijainunua. Msimu wa kwanza nilikumba maji kuliko nilivyovua. Tezini, chini ya pale panapofungwa mashine, palikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi.

Nimezaliwa Lamu, na kalafati naijua: pamba iliyolowa mafuta hushindiliwa katikati ya mbao, mbao zikanywa maji zikavimba, chombo kikatulia. Nikadhani na hii ni kuziba tu. Fundi wa kuchomelea akanizuia. Alikwangua gundi yote, akapaka rangi nyekundu, akaifuta, akanyunyiza unga mweupe. Wekundu ukajitokeza, ukauchora ufa mpaka ncha zake. Ulikuwa mrefu mara mbili ya nilivyouona. Kisha akashika keekee ya umeme na kutoboa tundu la milimita 3 katika kila ncha. Nguvu za mtetemo wa mashine hukazana penye ncha kali na kuusukuma ufa mbele. Tundu la mviringo huzitawanya nguvu hizo. Ndipo akachomelea.

Nikakumbuka Surat al-Kahf. Yule mja ambaye Hadithi humtaja kwa jina la Khidhri alilitoboa jahazi la maskini, na Nabii Musa akashtuka. Kumbe mbele yao kulikuwa na mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima. Tangu chuoni nimejiuliza: kwa nini rehema ije kwa kutoboa?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siwapingi. Lakini kuziba ufa usioujua mwisho wake ni kuuficha, na uliofichwa huendelea kutembea. Masheikh wametufundisha masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa umechukua haki ya mtu, umrudishie. Matatu ya kwanza mtu aweza kuyatimiza peke yake juu ya msala. La nne humpeleka hadi kwenye ncha ya ufa, naye hufika akiwa na keekee mkononi. Kuuma kwa keekee hiyo ndiko rehema yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo uharibifu hukoma.

Mimi na kaka yangu tuna ufa wa miaka 9, juu ya minazi ya marehemu baba. Misimu miwili msimamizi wa shamba alinitumia fedha zote, nami nikanyamaza. Kila Idi tunapigiana simu, tunaombeana heri. Hiyo ndiyo iliyokuwa gundi yetu, na rangi juu yake.

Juzi nilimpigia, wala haikuwa Idi. Nikamwambia, "Kaka, kuna haki yako ninayo mimi." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza ni misimu ipi, na tukaanza kuhesabu.