Mboga ya Uani na Thamani ya Jasho

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi na lugha. Lakini utamaduni huishi pia chunguni. Namna watu wanavyokipata chakula chao, wanavyokipika na wanavyoketi kukila, hudhihirisha wanachokithamini na wanachokidharau. Katika insha hii tunataka kulichunguza jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: bustani ya mboga iliyo nyuma ya nyumba, na chakula kinachotoka humo na kuingia chunguni siku ile ile. Swali letu ni hili: Je, chakula ambacho hakikununuliwa kina thamani ndogo kuliko kile kilichonunuliwa? Na kama thamani yake haitokani na bei, yatokana na nini?

Yafaa tuanze na lugha yenyewe. Neno "mboga" kwa Kiswahili lina maana mbili. Ni majani na matunda ya bustanini, kama vile mchicha, bamia na biringanya. Na tena ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, hata kikiwa samaki au nyama. Mtu akiuliza, "Leo mboga gani?" huweza kujibiwa "dagaa" au "maharage", wala hapana atakayeshangaa. Basi lugha yetu imelipa jani la bustanini heshima ya kuvipa jina vitoweo vyote. Kitendo cha kulikata jani hilo twakiita kuchuma, neno lile lile tunalolitumia kwa kupata mali. Wahenga waliposema kwamba mchumia juani hulia kivulini, waliunganisha jasho na mlo katika kauli moja fupi. Na walipoonya kwamba mchuma janga hula na wa kwao, walitukumbusha kwamba mchumaji hali peke yake: kiwe chema kiwe kibaya, alichokichuma huwafikia ndugu na jirani. Methali ya kwanza yahusu jasho. Ya pili yahusu watu tunaokula nao. Tutazihitaji zote mbili katika hoja yetu.

Tuitazame sasa bustani yenyewe. Katika sehemu nyingi za Tanzania haihitaji zaidi ya matuta mawili matatu karibu na jiko, mahali ambapo maji yaliyoosha mchele au mboga huweza kumwagwa yakafaa kitu. Tuta moja lina mchicha, jingine lina matembele. Ukingoni mna bamia na nyanya chungu. Na mboga ya maboga imeachwa itambae juu ya ua. Katika miteremko ya Kilimanjaro, kihamba cha Wachagga kimepangwa kwa tabaka: juu miti mirefu, chini yake migomba na mibuni, na chini kabisa magimbi na mboga, na huko mifereji iliyochimbwa na vizazi vilivyotangulia ndiyo iliyoleta maji. Dodoma, ambako mvua ni chache, Wagogo huanika mlenda na majani ya kunde wakati wa neema ili wapate mboga wakati wa kiangazi. Kila mahali pana hekima yake, na kila hekima imetokana na ardhi ya mahali pale.

Kutoka tutani hadi chunguni ni mwendo wa hatua chache, lakini ndani ya hatua hizo mna elimu. Mpishi hodari huyaosha majani kabla ya kuyakata, asije akaimwaga nguvu yake pamoja na maji. Huukaanga mchicha kwa kitunguu na nyanya, akautia tui la nazi au karanga zilizotwangwa, naye huuepua kabla haujapoteza rangi yake. Wataalamu wa lishe hutueleza kwamba majani ya kijani yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na kwamba viini hivyo hupokewa vizuri zaidi vikiandamana na mafuta. Tena kwamba vitamini C hupungua kadiri jani linavyolazwa na kuchemshwa. Bibi aliyechuma mchicha jioni akaupika kwa tui jioni ile ile hakuyajua majina hayo, lakini mkono wake uliujua ukweli wake. Kisamvu nacho kina sheria yake. Majani ya muhogo yana sumu, nayo huondolewa kwa kuyatwanga barabara kinuni na kuyachemsha muda mrefu. Aliyeligundua jambo hilo hakutuachia jina lake. Elimu yake imetufikia kwa kupokezana mchi, mama kwa binti, na hii ni sayansi kamili ijapokuwa haikuandikwa vitabuni.

Ikiwa ndivyo, mbona chakula hiki kimedharauliwa? Mara nyingi mgeni akibisha hodi, chungu cha mchicha husogezwa pembeni, na mtoto hutumwa mbio dukani au buchani. Hapana budi tuwe waadilifu katika kulipima jambo hili. Kumpa mgeni kitu kilichotugharimu ni desturi njema, kwani humwonyesha kwamba tumejinyima kwa ajili yake. Lakini kumheshimu mgeni ni jambo moja, na kukionea haya chakula chetu ni jambo jingine. Aliyechinja jogoo kwa furaha amempa mgeni heshima. Aliyekopa fedha ili kuuficha mchicha ameungama kwamba jasho lake mwenyewe halina hadhi mpaka lipitie kwanza mkononi mwa mwenye duka. Mzizi wa dharau hii ni mazoea ya kukipima kila kitu kwa fedha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukumbusha kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo, wala siyo msingi wake. Tulilisoma neno hilo tukiwaza viwanda na mabenki. Wachache tulilipeleka jikoni.

Labda mtu atasema kwamba dharau hiyo imekwisha. Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Tangu mwaka 1992 kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha kimeshughulikia mbegu za mboga zetu, zikiwamo mnavu na mgagani. Mwaka 2021 UNESCO iliziorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili miongoni mwa mifano mizuri ya kulinda urithi wa utamaduni. Tunafurahi. Lakini tujihoji: je, tunausifu mnavu leo kwa sababu tumeijua thamani yake, au kwa sababu tumeuona umefungwa vizuri na kubandikwa bei kubwa katika maduka ya mijini? Ikiwa ni bei iliyotufumbua macho, basi bwana wetu ni yule yule. Amebadili nguo tu.

Wengine nao hukosea kwa upande wa pili. Husema kwamba mboga ya uani ni bora kwa kuwa ni ya asili yetu, na kwamba cha kigeni hakitufai. Historia haiwaungi mkono. Muhogo unaotupa kisamvu ulitoka bara la Amerika, na ndiko zilikotoka karanga, nyanya, maboga, pilipili na viazi vitamu. Mimea hiyo ilianza kuvuka bahari katika karne za Wareno. Kabichi ilitoka Ulaya. Hata neno "bustani" tumelipokea kutoka Uajemi. Kama tungeitoa chunguni kila mbegu iliyokuja kwa jahazi au merikebu, mlo wetu wa kitaifa ungebaki mkavu. Mbegu hizi zimekuwa zetu kwa sababu mikono yetu imezipanda, imezionja, imejifunza kuzitoa sumu na kuziunga kwa nazi yetu. Kitu huwa cha taifa kwa kazi ambayo taifa limekifanyia.

Hapa ndipo tunapolifikia jibu letu. Thamani ya mboga ya uani hutokana na jasho. Lakini mara tu tunapolitaja jasho, swali zito zaidi huinuka, nalo halikwepeki: ni jasho la nani? Azimio la Arusha lilisema wazi kwamba wanawake vijijini hufanya kazi kubwa mno, huku wanaume wengi wakiwa kama watu walioko likizoni kwa nusu ya maisha yao. Tuipeleke kauli hiyo bustanini. Nani huchota maji ya kumwagilia? Nani hupalilia, huchuma, huchambua, hutwanga na hupuliza moto? Na chungu kinapoepuliwa, nani hupakuliwa kwanza, na nani hukomba kilichosalia? Ikiwa mchumia juani ni mama na binti yake, na mlia kivulini ni baba na mwanawe wa kiume, basi methali ya wahenga imevunjwa mle mle nyumbani. Familia ya namna hiyo haijajitegemea. Imemtegemea mtu mmoja na kuliita jambo hilo desturi.

Shuleni nako tuna deni. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka huo huo wa 1967, ilikusudia shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kulipangia mipango na wayaone matunda ya kazi yao. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu wazima mbele ya redio ili wajadiliane juu ya ulaji bora. Lakini shule nyingi zilifanya kosa lililobomoa kwa mkono wa kushoto kilichojengwa kwa mkono wa kulia: jembe lilifanywa adhabu. Aliyechelewa, apalilie. Aliyepiga kelele, amwagilie mchicha. Na mara nyingine mchicha ulipokomaa, waliolima hawakuuona mezani. Kijana aliyelelewa hivyo alijifunza somo ambalo halikuandikwa katika mtaala wowote, kwamba udongo ni wa wakosaji na kwamba alimaye siye alaye. Tusishangae alipokua akauonea haya mchicha. Dharau ile tuliipanda sisi wenyewe, tena kwenye matuta yaliyonyooka.

Bustani yenyewe, tukiitazama kwa makini, hufundisha maadili bora kuliko hayo. Hufundisha kiasi, kwa maana anayechuma majani ya muhogo au ya viazi bila kipimo huupunguza mzizi ulio chini. Tamaa ya leo huila akiba ya kesho. Hufundisha ukarimu pia, kwa maana jani lililochumwa asubuhi hunyauka kabla ya jioni, na mchicha uliokatwa vichwa huchipua tena pembeni. Hii ni mali isiyopenda kufungiwa. Mtu mwenye tuta la mchicha uliostawi hana njia ya kuula wote peke yake, na jirani akija na ungo wake, atakachochuma leo kitaota tena wiki ijayo. Kujitegemea kwa namna hii hakumfungii mtu mlango. Humpa kitu cha kumpa mwenziwe bila kungojea mshahara, na asiye na fedha akawa na cha kutoa, utu wake husimama wima mbele ya watu.

Pana wanaouliza: je, daktari, fundi na karani nao walime mchicha? Mjini ardhi iko wapi? Swali ni la haki. Kugawana kazi ni msingi wa jamii, wala hatusemi kwamba asiyelima ni mtu pungufu. Wengine wataweza kupanda katika gunia au ndoo iliyotobolewa, wengine hawataweza kabisa. Na afadhali kununua kuliko kumwagilia mboga kwa maji machafu ya mfereji au kuchuma kabla dawa ya wadudu haijaisha nguvu. Tunachokidai ni kwamba kila alaye aijue kazi iliyo ndani ya sahani yake. Aliyewahi kungoja wiki tatu au nne mchicha ukomae hatamkemea muuza mboga kwa sababu ya shilingi chache, wala hatamwaga chakula kama kitu kilichojiotea. Heshima kwa mkulima haipatikani kwa kuimbiwa wimbo wa sifa. Hupatikana kwa kuinama naye japo mara moja.

Walimu wetu, basi, wana kazi iliyo wazi. Jembe liondolewe katika orodha ya adhabu. Wanafunzi wakae na mwalimu waamue wapande nini, waandike wamevuna kiasi gani, na wapike walichokilima, wavulana wakishika mwiko na kinu sawasawa na wasichana. Somo la sayansi liwafundishe kwa nini kisamvu hutwangwa. Somo la historia liwaeleze karanga ilikotoka. Somo la Kiswahili liwaulize kwa nini tunachuma mboga na kuchuma mali kwa kitenzi kimoja. Nanyi vijana, mkirudi nyumbani, mtazameni anayeinama tutani jioni, kisha mchukueni ndoo ya maji mkononi mwake kabla hamjauliza leo kuna mboga gani.